Mti Wenye Wapangaji Wengi

Habari za asubuhi, jamani. Mwenye kompyuta aifungue, awashe Eclipse au VS Code, programu za kuandikia msimbo (code), kisha atazame pembeni kushoto. Pale pana mti: mradi, chini yake folda, chini ya folda mafaili. Tunaubofya kutwa nzima wala hatujiulizi ni nani anayeuchora.

Kwenye Eclipse anayeuchora si mmoja, na kazi yote ipo hapo.

IBM ilipoiachia Eclipse iwe programu huria mwaka 2001, mafaili yalikuwa na mti wao na watu wa lugha ya Java walikuwa na wao, unaoonyesha vifurushi (si vya bando, ni mafungu ya msimbo). Folda ileile, vidirisha viwili. Toleo la 3.2, mwaka 2006, likaja na Common Navigator: mti mmoja ambao programu-jalizi yoyote (nyongeza, yaani plug-in) yaweza kuning'iniza matawi yake.

Ichukulieni kama nyumba ya kupangisha. Mwenye nyumba hajui mpangaji wa chumba cha tatu anapika nini. Ana daftari tu la nani yuko chumba kipi. Kwenye Eclipse daftari hilo ni faili la plugin.xml. Programu-jalizi inaandika humo: mimi nahusika na vitu vya aina hii. Inaandika hivyo huku msimbo wake ukiwa bado umelala. Mti husoma daftari, haumgongei mtu mlango mpaka ubofye kitu kinachomhusu. Programu-jalizi mia zikiamshwa kwa pamoja, utamaliza chai na chapati kidirisha hakijafunguka.

Hata ikishaamka, haiulizwi mti mzima. Inaulizwa: huyu ana watoto, yaani vitu vilivyo chini yake? Ni akina nani? Swali la kwanza lijibiwe upesi, hata kwa kukisia. Afadhali kishale cha kufungulia tawi kionekane na ndani kumbe hamna kitu, kuliko kusoma folda nzima ili kujua kama kishale kichorwe. Mti wako mwenyewe ndani ya VS Code nao ni hivyohivyo: unaandika getChildren (inayotaja watoto) na getTreeItem (inayosema kila kitu kionekaneje), mti unasimama.

Sasa tuje kwenye ugomvi. Mfumo wa mafaili unasema src ni folda. Java inasema hapana, hicho ni chanzo cha vifurushi. Ukiwasikiliza wote wawili, mtumiaji anaona kitu kimoja mara mbili. Eclipse inawapanga foleni: wa kwanza anatoa watoto, wa pili anakabidhiwa kundi hilo, anaondoa wengine, anabadilisha wengine, anaongeza wake. Wengi wetu tunaishia hapo tukidhani tumemaliza. Kumbe habari za mabadiliko nazo lazima zipite foleni hiyohiyo! Faili jipya likizaliwa, wa pili apewe nafasi ya kusema, "Hilo ni langu, nipe." Asipolizuia, faili linatokea pawili, ukiupakia mti upya, moja linatoweka. Kosa hilo limenila wiki nzima, na nililaumu kila mtu isipokuwa msimbo wangu.

Lakini kinachodharauliwa kuliko vyote ni getParent, kipande cha msimbo kinachomtaja baba, yaani kitu kilicho juu ya mtoto. Kwenye VS Code si lazima kukiandika, basi watu hawakiandiki, na mti unafanya kazi vizuri tu. Mpaka siku mtu atakapotaka mti ufuate kihariri: amefungua faili, anataka tawi lake lijionyeshe lenyewe. Mti unajua kushuka. Ili upande, hauna budi kumwuliza mtoto, "Baba yako nani?" Hakuna jibu, hakuna kupanda, na reveal, amri ya kulionyesha tawi, inagoma.

Eclipse inaongeza utata, kwa sababu mtoto mmoja anaweza kuwa na baba wawili: mmoja wa mafaili, mmoja wa Java. Hapo usijibu baba unayemjua wewe; jibu yule ambaye mtoto amechorwa chini yake kwenye kioo. Baba hao wakitofautiana hakuna ujumbe wa kosa, ni mti tu umekaa kimya, na wewe unabofya tena na tena.

Mimi siku hizi naanza na getParent, halafu ndipo getChildren. Wenzangu wananicheka, lakini ukianza na swali la baba unalazimika kuamua mapema kila nodi (kila kitu kwenye mti) ni ya nani, na nusu ya ugomvi wa foleni unakwisha kabla hujaandika mstari wa pili.

Haya, projekta imewaka. Tutengeneze mradi mtupu, tuuchoree mti. Kaka wa nyuma pale, nimeona mkono wako. Swali lako ni lipi?