Amos Alonzo Stagg, kocha aliyeajiriwa kama profesa

Habari za mchana. Nimeombwa nizungumzie ukocha kama taaluma, nami nimeamua kumchukua mtu mmoja tu: Amos Alonzo Stagg, Mmarekani aliyezaliwa New Jersey mwaka 1862. Kilichonivutia zaidi kwake ni mkataba wa kazi.

Chuo Kikuu cha Chicago kilianza masomo mwaka 1892. Rais wake wa kwanza, William Rainey Harper, aliwahi kumfundisha Stagg huko Yale, chuo kikuu kingine cha Marekani. Kijana alikwenda kusomea uchungaji, akang'ara kwenye besiboli na futiboli ya Kimarekani, kisha akajiona kuhubiri hakuwezi. Harper alimwita Chicago kwa dola 2,500 kwa mwaka na cheo cha profesa mshiriki, ajira ya kudumu. Hapo pazingatieni. Enzi zile timu nyingi za vyuo zilinolewa na nahodha, au na mhitimu wa zamani aliyekuja msimu ukianza na kuondoka ukiisha. Stagg yeye akaingia kwenye orodha ya wahadhiri. Timu ikifungwa Jumamosi, Jumatatu bado ana kazi.

Na kazi ilikuwa nyingi kweli. Msimu wa kwanza wachezaji walikuwa haba, basi kocha akavaa jezi akacheza mwenyewe. Futiboli aliifundisha pale misimu 41, besiboli karibu miaka 20, riadha zaidi ya 30. Michezo ilipishana kwa majira, na mara nyingi vijana walikuwa walewale.

Mpira wa kikapu aliufundisha Chicago msimu mmoja tu, ingawa aliushuhudia ukizaliwa. Kabla ya Chicago alikuwa kwenye chuo cha YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, mjini Springfield pamoja na James Naismith, aliyeubuni mwishoni mwa 1891. Machi 1892 walimu walicheza na wanafunzi mbele ya watazamaji. Wanafunzi wakashinda 5-1, na hilo moja la walimu lilifungwa na Stagg. Gazeti la pale lilimwona kavaa sare ya buluu ya Yale, yumo kwenye kila purukushani, anasukuma watu na kufanya faulo kila mara. Futiboli ilikuwa haijamtoka mwilini!

Sasa, tusimpambe mno. Harper alitaka chuo chake kichanga kijulikane upesi, na timu ilikuwa tangazo. Mwaka 1905 Chicago iliifunga 2-0 timu ya Chuo Kikuu cha Michigan, iliyokuwa imecheza mechi 56 bila kupoteza, na jina la chuo likavuma. Ila ukishazoea kujitangaza kwa ushindi, kocha anayefuata atapimwa kwa ushindi tu, wala hatapewa ile ajira ya kudumu. Chicago yenyewe iliifuta futiboli mwaka 1939.

Stagg hakuwepo tena. Mwaka 1932, akiwa na miaka 70, walimstaafisha ukocha. Kazi ya ofisini hakuitaka. Akahamia chuo cha Pacific, Stockton, California, na mwaka 1943, akiwa na miaka 81, makocha wenzake wakamchagua kocha bora wa mwaka. Aliendelea kufundisha hapa na pale hadi umri wa miaka 96, akafariki mwaka 1965 akiwa na 102.

Kuhusu mishahara ya makocha najua mna maswali. Tuanze na hayo.