Kibao Kimeandikwa na Nani?

MWANAESHA: Asalaam aleikum wasikilizaji, tuko nanyi tena kutoka Lamu. Leo tuna mzozo. Athman anasema nyumba ya kumbukumbu za siasa haiwezi kusema kweli juu ya mwenye nyumba.

ATHMAN: Nilisema ni vigumu. Usinilishe maneno, dada.

MWANAESHA: Haya, tupe hao Wamarekani wako.

ATHMAN: Kule rais akimaliza muda wake hujengewa maktaba ya nyaraka zake, na ndani yake maonyesho ya umma. Desturi hiyo ilianza na Franklin Roosevelt. Yake ilifunguliwa Hyde Park mwaka 1941, naye angali madarakani. Jengo huchangiwa na watu wake, nyaraka zikashikwa na serikali. Sasa niambie, maonyesho ya mwanzo yatapangwa na nani?

MWANAESHA: Na hao hao waliochanga.

ATHMAN: Ehee. Ya Richard Nixon iko Yorba Linda, California, ilifunguliwa 1990 na wakfu wake. Huyu ndiye aliyejiuzulu Agosti 1974 kwa kashfa ya Watergate, ya watu wake kuvunja ofisi za chama pinzani. Ukiingia chumba cha Watergate ulikuwa unaelezwa kwamba maadui ndio waliompindua. Hata kanda iliyommaliza, ya Juni 23, 1972, wageni walisikilizishwa vipande vipande.

MWANAESHA: Kanda ya nini?

ATHMAN: Alikuwa anarekodi mazungumzo ofisini mwake. Humo anasikika akikubali majasusi wa CIA watumiwe kuwazuia wapelelezi wa FBI wasiendelee na uchunguzi wa kashfa ile.

MWANAESHA: Kajirekodi mwenyewe! Subhanallah.

ATHMAN: Mwaka 2007 idara ya taifa ya nyaraka ikaichukua maktaba, chumba kile kikang'olewa. Kipya kilifunguliwa 2011, kina kanda, nyaraka, na mahojiano ya waliokuwapo, wakiwemo waliomtumikia. Wakfu ulilalamika sana. Ona ilichukua miaka mingapi, na pale pana pesa na sheria. Sisi tutaweza?

MWANAESHA: Sisi tuna ngome pale Mkunguni, sasa ni makumbusho, na kwangu mimi ile ni nyumba ya siasa kuliko chochote Lamu nzima. Watu wa Lamu walishinda vita vya Shela dhidi ya Pate na Wamazrui, watawala wa Mombasa, kisha wakahofia kisasi, wakamwomba Seyyid Said, mtawala wa Oman, awalinde. Ngome ikamalizwa kwenye 1821. Ulinzi ukaja na askari wa Oman na liwali juu. Hilo la ushindi tunalisimulia kwa mbwembwe. La liwali tunalipitia mbio.

ATHMAN: Kila mji husimulia hivyo.

MWANAESHA: Sawa, lakini kuna la karibu zaidi. Kuanzia 1910 hadi 1984 ile ilikuwa jela. Zaidi ya miaka sabini! Mzee wa makamo hapa mjini anaikumbuka jela kabla hajaijua makumbusho. Na ng'ambo pale Manda, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa 1952, Mwingereza aliweka kambi ya kuwazuilia watu wa Mau Mau. Leo unaingia uani, viti vya plastiki vimepangwa kwa shughuli, watoto wanakimbizana, na kuta ni zile zile nene za mawe ya matumbawe.

ATHMAN: Unataka harusi zikatazwe?

MWANAESHA: La! Ua ule ukifungwa ngome itabaki na watalii na popo. Nataka mle maktabani ngomeni wakae wazee waliofungwa, waulizwe, warekodiwe, na sauti zao zisikike ndani ya vyumba. Si kibao cha maelezo cha mistari minne ukutani.

ATHMAN: Hapo nakuunga mkono nusu. Mzee anaweza kukwambia alifungwa kwa siasa kumbe aliiba mbuzi.

MWANAESHA: (anacheka) Basi daftari la jela liwekwe kando yake, kama lipo. Msikilizaji aamue.

ATHMAN: Mimi ningeanza na mashairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga akiwatetea Wamazrui, na Lamu ilikuwa na watunzi wake. Siasa za vita vile zilipiganwa kwa beti. Programu yangu ni jioni moja uani: Mombasa walete msomaji, sisi wetu, wanafunzi wakae mbele, kahawa chungu na halua. Hapo hakuna kibao, hakuna wakfu. Kila upande unajisemea.

MWANAESHA: Na anayeshindwa?

ATHMAN: Analipa halua.

MWANAESHA: Nakubali, ila jela siiachi. Na kuna kundi hatujalitaja: askari jela. Hao ndio waliokuwa na funguo, na wengine ni jirani zetu. Msikilizaji, ukiwa na mzee aliyefanya kazi pale kabla ya 1984, naye yuko radhi kusema, tutumie ujumbe wa sauti. Jina si lazima.

ATHMAN: Na wa mbuzi pia atume.