Dar hadi Joburg kwa ndege: tiketi inasema saa ngapi, na unakaa hewani saa ngapi

Habari zenu wana Dar, kuanzia Mbagala mpaka Tegeta. Wakubwa zangu, shikamooni. Leo nawapigia hesabu ya safari ya kuja huku Sauzi, maana lile swali la "ni masaa mangapi?" kila mtu analijibu kivyake.

Kwa mstari ulionyooka, kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi O.R. Tambo, uwanja wa Joburg, ni kama kilomita 2,440. Jeti ikishatulia juu inakata kilomita 800 na ushee kwa saa, kwa hiyo ukigawanya unapata karibu saa 3. Ongeza kujikokota kutoka getini hadi njia ya kurukia, kupaa, kisha kusubiri zamu ya kutua. Ndiyo maana ndege ya moja kwa moja inakula kama saa 3 na nusu, au na dakika kidogo juu yake.

Sasa fungua tiketi. Kuondoka 09:00, kufika 11:40. Mtu anatoa, anapata saa 2 na dakika 40, anafurahi. Taratibu! Kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika, na Johannesburg iko nyuma ya Dar kwa saa 1 mwaka mzima. Huku hawasogezi saa kama Ulaya. Kurudi inageuka: unaondoka 13:00, unatua 17:30. Inaonekana saa 4 na nusu, kumbe ni zile zile 3 na nusu.

Kinachowaacha watu zaidi ni ndege za usiku. Tiketi ikiandika Jumamosi 00:40, hiyo ni saa 6 na dakika 40 usiku, Ijumaa ikiamkia Jumamosi. Terminal 3 ufike Ijumaa saa 3 na nusu usiku. Ukijitokeza Jumamosi usiku, ndege yako imeondoka tangu usiku uliopita. Na 02:00 ni saa 8 usiku, jamani, si saa 2.

Tukija kwenye bei: tiketi ya kuunganisha mara nyingi huwa nafuu, lakini tazama ramani kwanza. Kupitia Nairobi unapanda kaskazini kilomita 670, halafu unashuka 2,900: jumla kama 3,570. Addis Ababa ndiyo kabisa, karibu 1,760 kwenda juu na zaidi ya 4,000 kurudi chini. Hapo ni kama saa 8 hewani kabla hujahesabu kukaa uwanjani. Mimi nafuu ndogo hainishawishi kupita Addis, Nairobi naielewa.

Ukiunganisha, hakikisha safari zote ziko kwenye tiketi moja. Ya kwanza ikichelewa, shirika ndilo linalokutafutia nyingine. Ukinunua mbili tofauti, kuchelewa ni juu yako, na begi huenda ukalazimika kulichukua katikati ya safari na kulikabidhi upya, maana yake upite uhamiaji wa nchi hiyo. Dawati la kukabidhi mizigo halikusubiri: mara nyingi linafungwa saa 1 kabla ya kuruka, na foleni ya Barabara ya Nyerere mnaijua wenyewe.

Anayekuja kukupokea mtumie namba ya ndege, siyo saa tu. Ukimwandikia "nafika saa 5 na dakika 40", ongeza "za Joburg".