Sare Tunayoivaa Siku Moja

Asalaam aleikum, mama zangu na wadogo zangu. Wakubwa, shikamooni.

Pesa ya korosho ikishaingia, hapa Mikindani shughuli hufuatana: harusi, unyago, kumtoa mwali. Kila shughuli na sare yake. Juzi nimefungua sanduku langu nikahesabu madera ya sare saba. Matano nimeyavaa siku moja tu. Moja limeota ukungu, kwa sababu nililikunja na jasho la ngoma, na unyevu wa pwani hii hauna huruma. Liliniuma, maana nilijinyima kulinunua.

Naomba kiberiti. Huu uzi nimeuchomoa kwenye dera mojawapo. Sogeeni muone: unayeyuka, unajikunja, unaacha kidonge cheusi kigumu. Hiyo ni poliesta, inatokana na mafuta yanayochimbwa ardhini. Tukiitupa jalalani, wajukuu wataikuta. Na huu ni wa khanga ya pamba: unanukia karatasi iliyoungua, na jivu lake ukiligusa linapukutika. Lakini ziko khanga za poliesta pia, kwa hiyo dukani ombeni uzi kwanza.

Ninachowaomba ni hiki: tukikaa kikao cha shughuli, sare iwe khanga ya pamba. Doti moja ni vipande viwili. Shughuli ikiisha, kimoja unajifunga nyumbani, kingine unajitanda. Kikichakaa kinakuwa mbeleko, kisha nepi, mwisho tambara la kushikia sufuria. Pamba nayo ina gharama yake. Fulana moja tu inakadiriwa kutumia lita 2,700 za maji tangu shambani. Ndiyo maana ivaliwe mpaka iishe.

Anayeshona, amwambie fundi aache kitambaa cha vidole viwili ndani ya mshono. Ukinenepa anafumua, anatanua, huhitaji gauni jipya.

Jasho lifuliwe siku ileile. Nguo igeuzwe, ianikwe kivulini, ikauke kabisa kabla ya kukunjwa. Na shambani tengeni nguo moja ya kuokotea korosho, maana doa la bibo halitoki.

Kikao cha harusi ijayo ni kesho baada ya alasiri, na sare bado haijachaguliwa. Kabla hatujachangishana, mwenye doti ya shughuli ya mwaka jana anyooshe mkono. Tuhesabu ziko ngapi.