Ford V8 ya zamani inachemsha? Usikimbilie rejeta

Wana Tanga, hamjambo? Wa Ngamiani, wa Makorora, wa Raskazone, karibuni gereji. Wenyewe mnasema waja leo waondoka leo, lakini hii iliyofungwa kwenye stendi haiondoki leo wala kesho. Ni injini ya Ford V8, aina iliyotoka mwaka 1932: lita 3.6, nguvu za farasi 65, bloku nzima, yaani mwili wa injini wenye silinda, imesubiwa kipande kimoja. Vijana wa Marekani walikuwa wakinunua magari yake yakishachakaa, wanang'oa madigadi kupunguza uzito, wanaongeza kabureta. Gari la namna hiyo ndilo hotrodi.

Swali haliishi: mbona inachemsha? Na jibu la haraka, huku na huko, ni "nunua rejeta mpya." Hela yako iache mfukoni kwanza. Nasogeza kamera.

Valvu zake, milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi, hazikai kwenye hedi, yaani kifuniko cha juu ya silinda. Zimo ndani ya bloku, ubavuni mwa silinda. Moshi wa moto unakatiza bloku, kando kabisa ya njia za maji, ndipo utoke nje. Tena hesabuni: kila upande silinda 4, lakini matundu ya ekzosi ni 3, kwa sababu silinda mbili za kati zinatolea moshi tundu moja. Hapo kati ndipo moto unapozidi. Maji ya injini hii yana kazi nzito hata ikiwa mpya.

Sasa ongeza uchafu. Kiwandani, nafasi za maji zilipatikana kwa kusubu chuma kuzunguka mchanga ulioshikiliwa na waya. Mchanga mwingine haukutoka, waya nao vilevile, kisha kutu ikajijenga juu yake miaka nenda rudi. Nikiingiza waya hapa... mnasikia? Kwaru, kwaru. Huo ni mchanga.

Toa vile visahani vinavyoziba matundu ya pembeni mwa bloku. Chukua waya wa breki ya baiskeli, na Tanga baiskeli si kitu cha kutafuta, chambua ncha yake ifumuke kama ufagio, funga kwenye drili, zungusha polepole tundu kwa tundu. Silinda za nyuma ndizo husahaulika. Kisha maji ya presha, waya tena, maji tena, mpaka yanayotoka yawe meupe. Siku nzima inakwisha hapa, na ni halali yake. Wenye Land Rover za zamani, hata bloku zenu zinahitaji kazi hii.

Kutafuta nyufa kunafuata usafi, wala usigeuze. Kutu huziba ufa, bloku ikaonekana nzima, ukiisafisha tu inaanza kuvuja. Ufa wa kawaida hutoka kwenye kiti cha valvu kwenda kwenye silinda. Hapa ndipo unapowahitaji wenzako: mwenye sumaku na unga wa chuma, maana unga hujipanga juu ya ufa ambao jicho halioni. Wapenzi wa magari haya wanaazimana vifaa bila kinyongo, lakini mpelekee bloku iliyooshwa. Ukimpelekea yenye grisi atakurudisha nayo, na ana haki. Ukipata ufa, usikubali fundi auchomelee hivihivi kwa umeme: chuma cha kusubu kikipoa haraka hupasuka pembeni ya weldi. Nyufa nyingi hushonwa kwa pini zenye nyuzi kama za skrubu, moja ikiingia kidogo kwenye nyingine.

Hedi sasa. Za mwanzo zina stadi, boliti zisizo na kichwa, 21 kila upande, za kuanzia mwishoni mwa 1938 zina 24, kwa hiyo hesabu kabla ya kuagiza gasketi, ile ya kuziba kati ya hedi na bloku. Stadi hizi zinaingia kwenye maji. Usipopaka dawa ya kuzibia kwenye nyuzi, maji yatapanda taratibu mpaka juu ya nati, nawe utailaumu gasketi bure. Hedi za alumini kaza kwa awamu: 20, 30, halafu 40 futi-pauni (kipimo cha nguvu ya kukaza), ukianzia katikati kwenda nje. Fanyeni wawili: mmoja ana spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, mwingine anaita namba na kutia alama ya chaki. Iwashe ipate moto, izime ipoe kabisa, kisha rudia kukaza. Alumini ikiwa ya moto usiiguse kwa spana.

Maji ya kujazia yasiwe ya kisima. Ardhi ya Tanga ina mawe ya chokaa, mapango ya Amboni ni ushahidi, na chokaa ikichemka hugandamana pale pale ulipotoka kuondoa mchanga. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa, pamoja na dawa ya kuzuia kutu. Kifuniko cha rejeta cha gari la kisasa, chenye presha ya pauni 15 kwa inchi ya mraba, kisikaribie rejeta ya 1932. Haikutengenezwa kwa presha, itafumuka kwenye maungio.

Ikiendelea kuchemsha baada ya yote hayo, angalia taimingi, yaani wakati cheche za plagi zinapowaka. Cheche zikichelewa, mafuta yanaendelea kuwaka moshi ukiwa tayari unatoka, na moto wote unaishia kwenye lile tundu la kati.