Posti Imetoka, Wewe Uko Wapi?

Mhadhara kwa wafanyabiashara wanaouza mtandaoni, Tanga mjini

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Kupanga posti mapema ni nini siwaelezi, maana wote hapa mna simu, na wengi mna foleni ya posti za wiki nzima mle ndani, zinazosubiri kutoka zenyewe. Nina jambo moja. Nalisema kila ninapopewa kipaza sauti, na nitalisema mpaka lieleweke: mashine inajua kutuma, haijui kupokea. Posti uliyoipanga huondoka wakati ulioandika, hata kama sio wakati uliokusudia. Na ikishafika kwa watu, haikai kuwajibu. Mwitikio wa watu unafia hapo, kwenye saa na kwenye majibu.

Tuanze na saa, na hapa nitakaa.

Dada wa Ngamiani anauza madera. Anajua wateja wake wanashika simu saa mbili usiku, isha imeshaswaliwa, watoto wameshakula. Anafungua Meta Business Suite, programu ya kupangia posti za Facebook na Instagram, anafika penye saa, anaandika 2:00. Simu inamtaka achague AM au PM. Anajua PM ndiyo ya jioni na usiku, anaichagua, anafunga simu moyo mweupe. Posti inatoka saa nane mchana, jua la utosi, mteja yuko kazini au amelala. Mwenzake kachagua AM. Yake inatoka saa nane ya usiku wa manane, mji mzima umelala, na watu wanapoamka saa kumi na mbili posti ina umri wa saa nne na hakuna aliyeigusa. Wiki ya pili wote wawili wanasema Instagram imewafungia, kwamba posti ya kupangwa haipelekwi kwa watu. Haikufungia mtu! Imefanya kile ilichoambiwa.

Saa yetu inahesabiwa tangu jua kuchomoza na tangu jua kuzama. Saa ya mashine inahesabiwa tangu katikati ya usiku. Kwa hiyo fanyeni hivi. Kwanza, weka simu kwenye mtindo wa saa 24, uondokane kabisa na AM na PM, ambazo zina mtego wa peke yake: 12:00 PM ni saa sita mchana, 12:00 AM ni saa sita usiku, na watu wengi huzigeuza. Pili, shika hesabu. Kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, jumlisha 6. Saa tatu asubuhi ni 09:00, saa kumi jioni ni 16:00. Kuanzia saa moja usiku mpaka saa kumi na mbili alfajiri, jumlisha 18. Saa mbili usiku ni 20:00. Ukifika 24 au ukipita, toa 24, na hapo tarehe imesogea mbele siku moja. Saa sita na nusu usiku inakuwa 00:30, na ni ya kesho.

Kijana wa pale nyuma atasema yeye saa anaisoma Kizungu tangu shule, hayo ni ya wazee. Haya, na siku unaisoma vipi? Mwambie bibi yako wa Pangani kwamba kuna shughuli usiku wa Ijumaa. Atakuja Alhamisi jua likishazama, na atakuwa sahihi, maana kwa hesabu ya pwani usiku hutangulia mchana wake. Mashine itaweka posti Ijumaa saa mbili usiku, kwa bibi tayari ni usiku wa Jumamosi. Ukiandika tangazo la shughuli, andika "Alhamisi usiku kuamkia Ijumaa," halafu weka tarehe. Nimeona maoni arobaini chini ya tangazo moja, yote yanauliza ni siku gani. Yanahesabiwa kuwa mwitikio, ndiyo, lakini hakuna aliyenunua tiketi.

Bado sijatoka kwenye saa. Programu nyingi za kupanga posti zinauliza eneo la saa mara moja tu, siku ya kujisajili, na wengi hubonyeza "endelea" bila kusoma. Sisi tuko UTC+3, yaani mbele ya saa ya kimataifa kwa saa tatu, mwaka mzima, hatusogezi mishale. Wenzetu Ulaya na Marekani wanasogeza. Akaunti yako ikibaki kwenye saa ya London, posti ya 20:00 itatoka kwetu saa tano usiku wakati wa baridi yao, na saa nne usiku wakati wa kiangazi chao. Kila mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba posti zako zinahama saa nzima, wewe hujagusa kitu. Ikibaki kwenye saa ya Los Angeles, 20:00 yao ni saa moja asubuhi yetu siku inayofuata, na kiangazi ni saa kumi na mbili asubuhi. Utafute orodha ya maeneo, uchague Dar es Salaam au Nairobi. Kama programu ina akaunti kadhaa ndani yake, kagua kila moja, kwani baadhi huweka saa kwa kila ukurasa mbali mbali. Na wenye wateja Muscat au Dubai, saa yao iko mbele ya yetu kwa saa moja tu, wao wako UTC+4.

Sasa kupokea.

Mwaka 2016 Instagram iliacha kuwaonyesha watu posti kwa kufuata wakati zilipotoka. Tangu hapo mfumo unakisia nani atajali posti gani, na dalili unazotazama ni zile zile: nani ametoa maoni, nani ameshea, nani amehifadhi, nani amekaa akaitazama. Posti mpya inaonyeshwa kwa sehemu ya watu wako, kisha kinachotokea pale kinasaidia kuamua kama iendelee. Mtu akiuliza "saizi kubwa ipo?" saa mbili na dakika tano, ukamjibu saa mbili na dakika saba, atarudi, atauliza rangi, na wa tatu ataingilia. Ukimjibu kesho yake saa nne asubuhi, ameshanunua kwa mwingine, na yale mazungumzo hayakuzaliwa.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema "panga posti upumzike." Kupanga kunakuondolea kazi ya kuandika kwa haraka, kupiga picha kwenye giza, kusahau. Hakukuondolei kazi ya kuwepo. Kanuni yangu ni hii: usipange posti kwenye saa ambayo huwezi kushika simu dakika 45 baada yake. Kama saa mbili usiku unalaza watoto, basi saa mbili usiku sio yako, hata kama wafuasi wote wapo. Panga saa tatu. Weka kengele ya simu dakika tano kabla, fungua ukurasa, hakikisha posti imetoka kweli, kaa hapo. Maswali yanayojirudia, yaani bei, mahali, usafirishaji, yaandikie majibu kabisa kwenye WhatsApp Business, sehemu ya majibu ya haraka, uyaite kwa kubonyeza alama ya mkwaju (/). Lakini kwenye maoni ya wazi andika kwa mkono, na umtaje mtu jina.

Na hili la "bei njoo DM", yaani njoo kwenye ujumbe wa faragha, naomba likome. Mteja anauliza bei mbele ya watu, wewe unamvuta pembeni. Walioona swali hawakuona jibu, basi kila mmoja aje DM kivyake au apite zake. Wengi hupita. Andika bei kwenye posti! Utabakiwa na maswali yenye maana: unaleta Muheza? nikichukua mbili? Ukitaka watu waanze kusema, uliza kitu kinachojibika kwa neno moja. Muuza samaki aandike "Kwa mchuzi wa nazi, changu au kolekole?" Watu wa Tanga hawawezi kulipita swali hilo kimya.

Kuna atakayeuliza kama posti iliyopangwa kwa programu inaadhibiwa. Facebook na Instagram wenyewe wanatoa chombo cha kupangia. Instagram inaruhusu akaunti za biashara na za watengeneza maudhui kupanga mpaka siku 75 mbele. Wangekuwa wanaiadhibu wasingeweka kitufe. Kinachopungua ni kitu kingine. Programu za nje nyingi, yaani zisizo za Facebook na Instagram wenyewe, hazikupi muziki wa maktaba ya Instagram, wala vibandiko vya kura na maswali kwenye stori, kwa hiyo posti inatoka uchi. Na ukitupa posti moja kwenye mitandao minne kwa mpigo, inachakaa: picha ya pikseli 1080 kwa 1350 inafaa Instagram, kwenye stori inataka 1080 kwa 1920, X haipokei zaidi ya herufi 280 kwa asiyelipia, na ile "bonyeza linki hapa chini" haibonyezeki kwenye maelezo ya posti ya Instagram. Majina ya kutagi nayo hayafanani mtandao kwa mtandao. Nakili posti, kisha rekebisha kila moja. Ni dakika kumi.

Nini kipangwe na nini kisipangwe? Muuza samaki wa soko la Deep Sea hawezi kupanga leo posti ya kesho inayosema "changu wameingia, bado wanarukaruka." Upepo ukigeuka, vyombo havitoki. Mbalamwezi ikikolea, wavuvi wa dagaa wa taa wanapumzika. Posti itatoka, wateja watakuja, meza tupu. Mwitikio utakuwepo, wa matusi. Apange vile visivyotegemea bahari: namna ya kumpara samaki, namna ya kumhifadhi bila barafu ya kutosha, anapatikana wapi. Bei na kilichoingia leo apost kwa mkono asubuhi ile ile. Na maneno "leo", "kesho", "jana" yasikae kwenye posti ya foleni, kwa sababu ukiisogeza siku moja yanakuwa uongo.

Salamu ya Idi ndiyo usiipange kabisa. Mwezi hauonekani kwa kalenda ya simu. Kuna wanaofuata mwandamo wa nchini na wanaofuata wa kimataifa, na salamu ikitoka siku ya mfungo wa thelathini utasahihishwa na mtaa mzima. Iandike, iache kwenye rasimu, itoe kwa kidole tangazo likishasomwa. Ramadhani nayo inataka saa zake: posti ya saa kumi na mbili na nusu jioni inakutana na watu wanaosubiri adhana, hakuna anayesoma kuhusu mapazia. Subiri tarawehe ishe.

Foleni ndefu ina hatari zake. Usiku wa tarehe 17 Machi 2021 nchi ilitangaziwa kifo cha Rais Magufuli, yakatangazwa maombolezo ya siku 14, baadaye yakawa 21. Foleni haisikilizi redio. Posti ya "furaha ya wikiendi, punguzo kubwa" iliyopangwa wiki moja kabla inatoka vile vile asubuhi yake, na watu wanadhani umeiandika asubuhi hiyo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilipata hitilafu na intaneti ikadorora nchini. Posti zilizopangwa ziko kwenye seva za nje, hazikuhitaji mtandao wako, zikatoka kwa wasioweza kuziona. Kwa hiyo ujue mapema foleni yako inasimamishwa vipi. Buffer, mojawapo ya programu za nje, ina kitufe cha kusimamisha foleni. Kwenye Meta Business Suite unaingia kwenye kalenda, unafungua moja moja, unabadili tarehe. Ukiwa na posti sita ni kazi ya dakika chache. Ukiwa na sitini utakesha. Mfumo unaruhusu siku 75, mimi nawaambia wenye biashara ndogo wasizidi siku kumi.

Naona naonyeshwa karatasi ya muda. Basi mawili ya haraka.

Foleni kukatika: ukibadili nywila ya Facebook, programu ya nje inapoteza ruhusa na posti zinakwama kimya. Hata usipobadili, ruhusa zina mwisho, nyingine ni siku 60. Kila Jumatatu ingia uangalie zilizoshindikana.

Kupima: usiniambie "saa mbili inalipa" kwa posti moja. Wiki nne, aina moja ya posti, nyakati mbili tofauti za kutuma, kwa zamu. Subiri saa 48 kila moja, jumlisha maoni, shea na waliohifadhi, gawa kwa waliofikiwa, wala usigawe kwa idadi ya wafuasi. Waliofikiwa 400, waliogusa 20, hiyo ni asilimia 5. Linganisha hizo. Ukibadili saa na aina ya picha kwa pamoja hutajua kilichofanya kazi. Nilitaka kusema na habari za rilsi, zile video fupi, lakini hilo lina mambo yake, tuliache.

Sasa toeni simu. Fungueni ile programu mnayopangia, ingieni kwenye mipangilio, tafuteni eneo la saa. Halafu tazameni posti ya kwanza kwenye foleni imeandikwa saa ngapi, na muisome kwa saa yetu. Ambaye ya kwake inatoka usiku wa manane anyooshe mkono, nakuja hapo alipo.