Jinsi ya Kutuma Sarafu za Kale Kupimwa Daraja Ukiwa Dar es Salaam

Habari zenu watazamaji, karibuni sana. Kabla sijaanza maelekezo, tazameni hapa mezani. Hizi ni rupia mbili za Mjerumani, zote za mwaka 1890, zote zimetoka kwenye kopo moja la marehemu bibi yangu kule Bagamoyo. Ya kushoto inang'aa kama imetoka kiwandani jana. Ya kulia imefubaa, imepiga weusi. Zote nilizituma Marekani kupimwa daraja. Hii nyeusi ilirudi na alama 45. Hii inayong'aa ilirudi haina alama, imeandikwa tu kwamba imesafishwa. Niliisafisha mimi, kwa ndimu na majivu, nikidhani naienzi kumbukumbu ya bibi.

Basi kila nitakachoonyesha leo kinatokana na hizi rupia mbili.

Kwanza tuelewane kupima daraja ni nini. Unaipeleka sarafu kwa kampuni ambayo haiuzi wala hainunui sarafu yako. Wapimaji zaidi ya mmoja wanaitazama, wanahakikisha ni halisi, si bandia, kisha wanaipa alama kati ya 1 na 70. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haijawahi kupita mikononi mwa watu sokoni. Baada ya hapo inafungwa ndani ya kasha gumu la plastiki lenye nambari yake. Kampuni mbili zinazoaminika zaidi duniani ni PCGS, iliyoanza mwaka 1986 huko California, na NGC, iliyoanza mwaka 1987 na makao yake yako Sarasota, Florida. Mnunuzi wa Ujerumani au India ambaye hajakuona wala hajaishika sarafu yako ataamini kasha lile. Hiyo ndiyo faida yake kwetu tulio mbali.

Hatua ya kwanza: usisafishe. Narudia, usisafishe. Si ndimu, si magadi, si dawa ya meno, si kitambaa laini. Sarafu ikigongwa kiwandani, metali hutambaa kidogo na kuacha mistari midogo mno usiyoiona kwa jicho. Mistari hiyo ndiyo inayofanya mwanga uzunguke juu ya sarafu unapoiinamisha chini ya taa. Ngoja nisogeze kamera. Mnaona hii nyeusi? Pembeni mwa herufi, hapa ambapo vidole havikufika, mwanga bado unatembea. Sasa hii niliyoisafisha: inang'aa yote kwa mpigo mmoja, kama sufuria. Tindikali ya ndimu imekula ngozi ya juu, majivu yakachora mikwaruzo. Mpimaji anaijua ndani ya sekunde chache, na ngozi ikishatoka hairudi. Kama yako ina vumbi au udongo, iache na udongo wake.

Hatua ya pili ni kuchagua, na hapa mniwie radhi, nitawakatisha tamaa baadhi yenu. Utalipia ada ya kila sarafu, usafiri wa kwenda, usafiri wa kurudi, na bima. Sarafu nyingi hazibebi gharama hiyo. Ile reale kubwa ya fedha yenye sura ya mwanamke na mwaka 1780, ambayo wengi mnanitumia picha zake, iliendelea kugongwa kwa mwaka uleule wa 1780 hadi nyakati zetu, kwa hiyo mwaka huo peke yake hauthibitishi kitu. Pesa ya shaba ya Sultani Barghash yenye mizani, ya mwaka 1299 wa Hijria, ni nzuri mno kuitazama, lakini zipo nyingi. Senti 50 za sungura zilizoanza mwaka 1966 zilizochakaa mfukoni, hivyo hivyo. Na kama rupia yako iliwahi kuwa kidani au kikuku, ikatobolewa au kulehemiwa, kama walivyofanya wazee wetu wengi wa pwani, haitapata alama. Hiyo ibaki nyumbani, wajukuu waivae.

Za kutuma ni zipi? Rupia na hela za Mjerumani zilizobaki na sura kali (na ndiyo, neno letu la hela linatokana na sarafu hiyo hiyo, heller). Sarafu za Zanzibar za 1908 zenye mnazi. Na juu ya zote, rupia 15 za dhahabu zenye tembo, zilizogongwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na hawapati fedha kutoka kwao. Hiyo ukiwa nayo usiiuze kwa mtu yeyote kabla ya kuipima, maana za bandia ni nyingi na mnunuzi makini hataikubali bila kasha.

Kuna moja siyo ya kutuma kabisa. Sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa, na chochote kilichotengenezwa hapa nchini kabla ya mwaka 1863, kinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Huwezi kukitoa nje ya nchi bila kibali. Ukiwa nacho, nenda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ukaulize. Zile ni ushahidi wa mji wetu wenyewe, zisipotee kwenye bahasha.

Hatua ya tatu, pima uzito. Rupia moja ya Mjerumani ina gramu 11.66. Iliyochakaa itapungua kidogo, lakini ikikupa 9 au 14, jiulize. Huna mizani? Nenda kwa sonara Kariakoo, ila mwambie mapema apime uzito tu, asiisugue kwenye jiwe lake. Wewe mwenyewe ishike hivi, kwenye ukingo, dole gumba na kidole cha shahada, juu ya taulo iliyokunjwa. Jasho la Dar mnalijua. Alama ya kidole inaweza kuganda kwenye shaba isitoke tena.

Piga picha pande zote mbili. Halafu jaza fomu kwenye tovuti ya kampuni, kama mwanachama au kupitia wakala wao: nchi, mwaka, thamani iliyoandikwa kwenye sarafu, na thamani unayokadiria. Hiyo ya mwisho iandike kwa ukweli. Ukiipunguza ili ulipe kidogo, ikipotea utalipwa kidogo.

Sasa kufunga mzigo. Sarafu moja, kifuko kimoja, na kifuko kiwe cha plastiki ngumu isiyo na PVC. Vile laini vinavyonyumbuka huwa na hiyo PVC, na kwa joto letu hili na unyevu wa bahari, hutoa ute wa kijani unaokula metali. Usitumie pini za stepla. Nimeona sarafu safi iliyochorwa na pini wakati wa kufunguliwa. Andika nambari ya mstari wa fomu kwenye kila kifuko. Vifuko vyote vibane katikati ya kadibodi mbili, funga kwa selotepu, weka na kile kifuko kidogo cha kukaushia unyevu kinachokuja ndani ya viatu vipya. Tia kwenye boksi dogo, boksi dogo ndani ya kubwa, jaza magazeti. Tikisa. Sikilizeni... kimya. Ikilia hata kidogo, fungua uanze upya.

Nje ya boksi usiandike neno sarafu. Ila kwenye karatasi za forodha eleza kilichomo bila kuficha, na nakala zake zitunze, zitakusaidia kuonyesha kwamba mali ilitoka hapa pale itakaporudi. Kabla ya kwenda posta au kwa kampuni ya usafirishaji, piga simu uwaulize kama wanapokea sarafu na bima yao inazigusa, maana wengine hawazibebi kabisa. Chukua nambari ya kufuatilia mzigo.

Halafu ni kusubiri. Zikirudi, ingiza nambari ya kasha kwenye tovuti ya kampuni ulinganishe na unachokiona mkononi. Kasha usilivunje, hata ukitamani kuishika sarafu. Mimi hii nyeusi naitoa kabatini Ijumaa moja moja, naiinamisha chini ya taa pembeni mwa herufi, mwanga unatembea, na kabatini inarudi.